Pembe za Ayala Zinapokwenda Kombo

Mabibi na mabwana, ayala wengi wetu tunamjua kwa jina tu, kutoka Zaburi, kwa kuwa kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili. Kulungu wetu ni wa ukoo wa pofu na tandala, na dume lake hufa na pembe zilezile lilizoota ujanani. Pembe ya ayala ni mfupa unaoota upya kila mwaka juu ya kishina kilichopo kichwani, ukiwa umevikwa ngozi laini mithili ya mahameli, iliyojaa mishipa ya damu. Mwishoni mwa kiangazi testosteroni, yaani homoni ya kiume, hupanda, mfupa hukomaa, na dume huisugua ngozi ile mitini hadi ibanduke. Homoni ikishuka baada ya msimu wa kupandana, pembe hudondoka.

Nikioneshwa pembe zenye kasoro, huuliza kwanza kama ni moja au zote mbili. Ikiwa ni moja, natafuta jeraha: ncha iliyogongwa ingali laini, kishina kilichopasuka, ambacho huirudisha kasoro ileile mwaka hadi mwaka, au, jambo ambalo wageni wa fani hii hulikataa mpaka waione mifupa yenyewe, mguu wa nyuma uliovunjika. Dume aliyevunjika mguu wa nyuma wa kulia mara nyingi huota pembe fupi, iliyopinda, upande wa kushoto. Kwa nini athari ivuke mwili namna hiyo, ubishi haujaisha.

Zikiharibika zote mbili, natazama korodani. Ayala wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini akihasiwa pembe zikiwa bado laini, hazikomai wala hazidondoki, bali huongeza vinundu, ndiyo maana wawindaji humfananisha na dungusi kakati. Yule mdogo wa Ulaya, Capreolus capreolus, hupatwa na makubwa zaidi, kwani nyama laini ya pembe huumuka mpaka ikamfunika macho. Si lazima kisu kiwe kimepita. Korodani zilizobaki tumboni, jeraha la waya au maradhi huweza kuleta hali hiyohiyo.

Na jike mwenye pembe, mbali na reindeer, ayala wa nchi za baridi za kaskazini, ambaye kwake ni kawaida? Akiwa bado na mahameli, mara nyingi huzaa kama wenzake; pembe zikiwa ngumu na safi, mchunguzi ampasue kwa makini, kwani huenda akakuta korodani zilizojificha ndani.