Doksorubisini: Moyo Huhesabu Jumla ya Dozi

Wauguzi wenzangu, leo nataka tuzungumzie dawa moja tu ya saratani, doksorubisini. Mliopo wodi za saratani mnaijua kwa rangi: nyekundu ndani ya bomba la sindano, na baadaye hata mkojo wa mgonjwa huwa mwekundu. Tunamtuliza kwamba si damu, na ni kweli. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye moyo wake.

Moyo haupumziki. Karibu theluthi moja ya ujazo wa seli zake ni mitokondria, zinazotengeneza ATP, nishati ya kila pigo. Doksorubisini hunasa kwenye kadiolipini, mafuta ya utando wa ndani wa mitokondria, palepale nishati inapotengenezwa. Hudaka elektroni njiani na kuzikabidhi kwa oksijeni, na hapo huzaliwa chembe haribifu. Tena huvuruga kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi 2 beta, hata jeni za kuunda mitokondria mpya zikafifia. Zilizopo zinaharibika, za kuzirithi hazipatikani. Na seli za moyo hazigawanyiki kirahisi, kwa hiyo hasara ya dozi ya leo inawekwa juu ya ile ya mwaka juzi.

Ndiyo maana tunahesabu jumla ya maisha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba moyo hushindwa kwa asilimia 5 ya wagonjwa wakifikisha miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, asilimia 26 kwa 550, na asilimia 48 kwa 700. Hebu tazameni: kati ya 400 na 550 dozi haikuongezeka hata kwa nusu, hatari imepanda mara tano!

Chukulieni mama aliyetibiwa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, kwa mizunguko 6 ya miligramu 50. Hiyo ni 300. Miaka kumi baadaye anakuja na saratani ya matiti, anapangiwa mizunguko 4 ya miligramu 60. Kwenye faili jipya panasomeka 240, namba isiyomshtua mtu. Moyo wake umeshapokea 540.

Nawasihi, muulizeni alitibiwa wapi, kwa dawa gani, mara ngapi, kisha mwandike jumla kwenye kadi anayoondoka nayo. Apimwe eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza. Pale dozi kubwa haiepukiki, daktari aulizwe kuhusu deksirazoksani, kinga inayotolewa kabla ya dawa yenyewe. Na kama kifua kiliwahi kupigwa mionzi, semeni mapema, maana moyo huo huumia kwa dozi ndogo zaidi.