Dago la Magurudumu Manne

KHAMIS: Assalamu alaikum wasikilizaji wetu, mlioko Unguja, Pemba na ng'ambo. Mimi Khamis, na leo mwenzangu Salma amerudi. Yakhe, ulituaga unakwenda Skotlandi kwa semina ya mwani. Toka urudi sijakusikia ukitaja mwani hata mara moja, ni gari tu.

SALMA: Waalaikumu salaam. Semina yenyewe haikuwepo, Khamis. Nimefika Glasgow Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi napata ujumbe imeahirishwa, wanaomba radhi. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa baada ya siku kumi na moja, na kuibadilisha ni pesa ambazo sina. Nilikaa kwenye kochi la mdogo wangu nikalia. Ile viza niliihangaikia miezi.

KHAMIS: Pole, dada.

SALMA: Ahsante. Sasa mdogo wangu ana chumba kimoja, mke, na mtoto wa miaka miwili. Akaniangalia, akasema: "Dada, nina likizo ya wiki, na jirani yangu ana kampavani iko tu uwanjani. Twende." Akapiga simu akatiwa kwenye bima ya gari ile, tukapakia mchele, nazi za kopo, iliki yangu niliyotoka nayo nyumbani, na Jumatano alfajiri tuko njiani. Mimi na yeye tu. Hatujakaa pamoja hivyo toka tuko skuli.

KHAMIS: Hebu waeleze wasikilizaji hiyo kampavani ni gari ya namna gani.

SALMA: Chukua Hiace, toa viti vya nyuma. Weka benchi ambalo usiku ukilivuta linakuwa kitanda. Jiko la gesi la kuteleka sufuria mbili, sinki dogo lenye tangi lake la maji, kijifriji. Na betri ya pili, mbali na ile ya kuwashia injini. Taa na friji zinakula kwenye ile ya pili, asubuhi gari inawaka bila shida. Wazee wetu wanazikumbuka kombi za Volkswagen. Zile zilianza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1950, na 1951 tayari kuna kampuni, Westfalia, inazitia vitanda na makabati. Kwa hiyo wenzetu wana zaidi ya miaka sabini wanalala garini.

KHAMIS: Na wewe ulilala?

SALMA: Usiku wa kwanza, Glencoe, tuko baina ya milima. Nilijua sitolala. Mara ikaja mvua. Unajua mvua juu ya bati? Kichwa changu kiko chini ya bati lenyewe, shubiri mbili tu. Nikawa mtoto tena, nimelala kwa bibi Chwaka. Nilikuja kuamshwa na harufu ya chai.

KHAMIS: Mashaallah. Na ibada je? Maana watu watauliza.

SALMA: Wacha nikwambie hili, nimelifikiri sana. Sisi hapa kibla ni kaskazini. Makka iko juu yetu moja kwa moja, hata mtoto anajua aelekee wapi. Kule kibla ni kusini mashariki, na gari kila siku imesimama kivyake. Leo pua yake inaangalia mlima, kesho inaangalia bahari. Siku moja mswala unapita mlangoni, siku nyengine unakwenda mshazari, kichwa kinakaribia jiko. Kila tukisimama, kabla ya kuteleka chochote, mdogo wangu anashuka na simu mkononi anatafuta upande. Baada ya siku tatu nikaona lile ndilo linaloifanya pale pawe kwetu. Tukishajua kibla, tumefika.

KHAMIS: Na hiyo ilikuwa mwezi wa sita.

SALMA: Mwezi wa sita! Huko kaskazini, sala ya magharibi inaingia saa nne na nusu usiku. Jua linatoka tena saa kumi na nusu. Unakaa kizingitini mwa gari, kikombe mkononi, mwanga hautaki kuondoka. Sijapata kuona kitu kile.

KHAMIS: Mlifika wapi?

SALMA: Tulipanda mpaka Ullapool, tukaiingiza gari tumboni mwa meli, saa mbili na nusu hivi baharini, tukashuka Stornoway, kisiwa cha Lewis. Na Stornoway, Khamis, kuna msikiti. Umefunguliwa mwaka 2018, wa kwanza katika visiwa vile vya magharibi. Mdogo, wa kawaida kabisa. Tumesali adhuhuri pale, nilipotoka nje machozi yananitoka. Halafu kesho yake Jumapili, maduka karibu yote yamefungwa, wenyeji wanaishika sana siku yao ya ibada. Nikawaelewa.

KHAMIS: Watu wa visiwani.

SALMA: Hata barabara zao. Njia ya gari moja, na kila baada ya mwendo kidogo pana mfuko pembeni wa kujibanza, umewekewa alama. Aliye karibu nao anasubiri, mwenzake anapita, mkono unanyanyuka: ahsante. Siku nzima unainua mkono kwa watu usiowajua. Nao wanakwenda kushoto kama sisi.

KHAMIS: Tuambie na mabaya.

SALMA: Usubi. Upepo ukitulia jioni wanakuja kama moshi, wanaingia masikioni, ndani ya chai. Upepo ukivuma hawaonekani, kwa hiyo tukajifunza kusimama penye upepo. Siku moja maji yalitukatikia sufuria iko jikoni, wali haujawiva. Tukaumalizia kwa maji ya kunywa. Na choo kina sanduku lake, lazima ulimwage mahali palipowekwa, hukwepi. Tulipokezana.

KHAMIS: Sasa ni wapi hasa ulipoipenda?

SALMA: Harris, pwani ya Luskentyre. Mchanga mweupe, maji ya kijani na buluu, ungesema Paje, mpaka utie mguu. Baridi inapanda hadi kwenye meno. Tumeegesha si mbali na hapo, pana sanduku unatia pesa kidogo ya kulala. Mdogo wangu katupa mshipi kwenye mawe, kapata vibua wanne. Wa kule wana mistari mgongoni kama wino wa piko. Nikawapaka chumvi, ndimu na pilipili manga, nikawakaanga mlango wazi. Bahari inapwa mbele yetu. Hatujui kesho tutalala wapi, na wala haitushughulishi. Nikasema moyoni, mimi hali hii naijua, lakini naijua wapi?

KHAMIS: Hiyo ni dago, Salma.

SALMA: Dago!

KHAMIS: Wallahi. Babu yangu Mkojani. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kilicho ubavuni mwa Pemba, wakifuata samaki wanakwenda mpaka Mafia, mpaka pwani ya Kenya. Wanachukua sufuria, unga, pipa la maji, mkeka. Wakifika ufukweni wanatandaza tanga juu ya miti, hapo ndipo kwao mpaka msimu ugeuke. Nikiwa mdogo nilimuuliza, babu, huko dago mnalala nyumba ya nani? Akasema, "Tunalala pale jua lilipotuachia."

SALMA: Hebu lirudie.

KHAMIS: Pale jua lilipotuachia.

SALMA: Basi ndiyo hiyo. Nilikuwa naona haya kidogo kuipenda, nikidhani ni mambo ya Wazungu.

KHAMIS: Lakini hapa utafanyaje? Unguja kutoka Nungwi mpaka Makunduchi ni safari ya asubuhi moja. Na joto hili, ndani ya bati?

SALMA: Kisiwa kidogo si kitu, nataka kwenda polepole. Siku mbili Kizimkazi, tatu Matemwe, halafu gari ipande meli twende Pemba. Joto nimelifikiria: dirisha la paa, nyavu za mbu kila upenyo, na unasimama penye kivuli na upepo wa bahari. Jiko linakaa nje. Na kijiji chochote ukifika unakwenda kwanza kwa sheha, unajieleza, unaomba pa kulala. Hulali mtaani kwa watu kama mwizi.

KHAMIS: Gari je?

SALMA: Nimeiona Hiace Mwanakwerekwe. Injini nzima, viti vimechakaa, na mimi viti nataka kuvitoa. Kesho kutwa nakwenda na fundi, na seremala nimeshampa vipimo vya benchi.

KHAMIS: Benchi refu kiasi gani?

SALMA: Futi sita.

KHAMIS: Mwambie asiligandishe upande wa dereva. Ukifika Pemba, ng'ambo ya Kojani, utataka lile jiko litoke kwa mlango wa nyuma. Nakuja na mimi hiyo kesho kutwa, nitakuonesha.