Je, Serikali ya Uingereza Inagawa Hita Bure?

Haya, ndugu zangu wa nyumbani, karibuni tena. Leo naongelea zile habari zinazosambaa kwamba huku Uingereza serikali inawafungia watu hita bure. Hela ipo kweli, tena si ya kitoto. Ila bure siyo, na mwenye nyumba haishiki hata senti.

Mpango wenyewe unaitwa Boiler Upgrade Scheme. Ulianza 2022, kwa England na Wales tu. Nyumba nyingi huku zinapashwa joto na boila ya gesi: inachemsha maji, yanazunguka kwenye radieta za vyumbani. Serikali inataka gesi itoke, iingie pampu ya joto inayotumia umeme. Mwanzoni ilichangia paundi 5,000 kwa pampu inayovuta joto la hewa ya nje. Oktoba 2023 ikapandisha hadi 7,500.

Sasa hela inavyotembea. Anayeomba ni fundi, si wewe, na lazima awe amesajiliwa chini ya MCS, mfumo wa kuthibitisha mafundi wa kazi hizi. Wanaoidhinisha ni Ofgem, wasimamizi wa gesi na umeme. Tuseme fundi amekadiria kazi nzima 13,000: anaondoa 7,500 kwenye bili, wewe unatoa 5,500. Kwa hiyo mtu akikuambia mtumie namba ya akaunti akuingizie ruzuku, huyo ni tapeli, mkimbie. Kodi ya ongezeko la thamani nayo wameifuta kwa kazi hizi hadi Machi 2027.

Na sisi tuliopanga, ambao ndio wengi? Mpangaji hana lake hapa. Mwenye nyumba wako anaweza kunufaika hata kama haishi humo, na utakayefaidi joto ni wewe, kwa hiyo mchokoze kidogo. Nyumba za halmashauri hazimo.

Najua kuna atakayeuliza: nje barafu, joto linatoka wapi? Hewa hata ikiwa baridi ina joto ndani yake. Pusheni friji mbele mguse mgongo wake, una moto, kwa sababu joto la ndani linatolewa na kutemwa kule nyuma. Pampu inafanya hivyo hivyo, ila inalinyonya nje na kulitema ndani ya nyumba. Umeme kazi yake ni kulihamisha tu, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kutoa kama uniti tatu za joto.

Hapo ndipo wauzaji wanaposhangilia, na hapo ndipo mimi nawaambia shikeni kalamu. Mwaka 2024 na 2025 uniti ya umeme huku ilikuwa karibu mara nne ya bei ya gesi. Boila nzuri inapoteza kama sehemu moja ya kumi tu ya gesi yake. Pigeni hesabu: pampu ikikupa tatu kwa moja, bili yako inaweza hata kupanda kidogo. Ikifika nne kwa moja, ndipo unaanza kupumua. Ukiitoa gesi kabisa nyumbani, unaokoa na ile ada ya kila siku ya kampuni ya gesi, inayokatwa hata usipowasha kitu.

Kinachoamua tatu au nne ni nyumba yenyewe na ufungaji. Pampu inafanya vizuri maji yakiwa ya vuguvugu, si ya moto mkali kama ya boila, kwa hiyo mara nyingi radieta zinabadilishwa ziwe kubwa. Dari na kuta zikiwa hazijazibwa kushika joto, unapasha mtaa. Zamani ruzuku ilidai uzibe kwanza. Sharti hilo liliondolewa 2024. Kwa maoni yangu walikosea, maana sasa mtu anaweza kufunga mashine ya maelfu chini ya dari inayovuja.

Habari ya kupoza nyumba kukiwa na joto: ruzuku ilipoanza, kiyoyozi hakikuwemo. Ililipia mifumo inayopasha maji tu.

Wa Scotland, mpango wenu ni wa Home Energy Scotland: ruzuku hadi 7,500, vijijini 9,000, na mkopo usio na riba juu yake. Huko mnaomba wenyewe, na msisaini na fundi kabla ya barua ya kukubaliwa. Popote ulipo, mwambie fundi apime upotevu wa joto chumba kwa chumba, na akuandikie anatarajia uniti ngapi za joto kwa kila uniti ya umeme. Akikwepa kuandika, tafuta mwingine.