Uso wa Mtoto na Lita Moja ya Maji: Mhadhara Kuhusu Trakoma Mkoani Dodoma

Mbukwenyi.

Namshukuru mwenyekiti kwa kunitambulisha, ingawa amewaficha jambo ambalo wanafunzi wa mwaka jana walilijua vizuri, kwamba muuguzi huyu mstaafu akipewa dakika arobaini za kuzungumzia macho, dakika ishirini atazungumzia maji. Ni kweli, na mwaka huu nitajitahidi zifike ishirini na tano.

Mambo ya darasani nitayaruka. Mmekwisha kusoma kwamba trakoma, ambayo vijijini kwetu huitwa vikope, huletwa na bakteria aitwaye klamidia trakomatisi, na kwamba haipofushi kwa siku moja. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena, na kila mara ngozi ya ndani ya kope la juu huachiwa kovu dogo, mpaka miaka mingi baadaye makovu hayo yanalivuta kope na kulikunjia ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Hesabuni wenyewe mtu hupepesa mara ngapi kwa siku. Mwisho kioo hicho huwa cheupe kama ute wa yai uliochemshwa, na hapo hakuna dawa ya matone itakayorudisha nuru.

Ninachotaka mkione leo ni njia ambayo kimelea hupita, kwa sababu njia yenyewe ni fupi mno. Hakisafiri kwa mabasi. Hutoka kwenye tongotongo na kamasi za mtoto mmoja hadi kwenye jicho la mwenzake kwa njia ya vidole, nguo na nzi, na mara nyingi safari yote hiyo huishia ndani ya nyumba moja ya tembe, juu ya ngozi moja ya kulalia. Mtazameni mama aliyeketi mbele ya nyumba yake akiwa na watoto watatu. Mdogo analia, mama anachukua ncha ya kanga, anampangusa jicho na pua. Dakika mbili baadaye wa pili anakuja na kamasi, ncha ni ileile. Kisha jasho linamtiririka mama mwenyewe, naye anajifuta kwa ncha hiyohiyo. Hakuna aliyekosea, huo ni upendo wa mama. Ila ndiyo sababu ugonjwa huu hupofusha wanawake hadi mara nne zaidi ya wanaume, maana baba, kwa desturi zetu, hapangusi mtu kamasi.

Miaka mingi iliyopita, katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, nilikutana na bibi mmoja aliyekuwa amefunga kitu kidogo kwenye pindo la kanga yake. Nilidhani ni hela au tumbaku. Alipofungua fundo nikaona kibano cha chuma alichofuliwa na mhunzi, kimelainika kwa kushikwa, urefu wake kama kidole changu cha mwisho. Kila asubuhi mjukuu wake alikitumia kumng'oa nywele za kope zilizomchoma. Aliniambia nywele hizo ni kama magugu, ukizing'oa leo, wiki ya tatu zimerudi zikiwa fupi na ngumu zaidi. Mjukuu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kama sita. Uso wake ulikuwa na michirizi miwili mikavu kutoka puani, na nzi wanne, niliwahesabu, walikuwa wametulia kwenye pembe za macho yake bila yeye kujishughulisha kuwafukuza. Nikaona ugonjwa mmoja umeketi mbele yangu ukiwa mwanzoni na mwishoni, na kibano kikihama kutoka mkono wa mmoja kwenda kwenye jicho la mwingine.

Sasa tuingie kwenye maji, mwenyekiti, na saa naiona.

Kila nilipowauliza akina mama kwa nini nyuso za watoto hazioshwi, jibu lilikuwa moja: hakuna maji. Si uongo. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, na kuanzia katikati ya mwaka mpaka Desemba, mwanamke wa kijiji kisicho na bomba huamka gizani kwenda kuchimba mchanga wa korongo na kusubiri maji yajikusanye kata kwa kata. Ndoo ya lita ishirini iliyopatikana hivyo ina wenyewe: kupika, kunywa, ndama, pombe ikiwa kuna wageni. Uso wa mtoto hauna nafasi kwenye orodha hiyo.

Lakini siku moja nikauliza swali jingine. Tulikuwa chini ya mbuyu, mwezi wa Septemba, upepo wa vumbi kama mnavyoujua. Nikawauliza: kuosha uso wa mtoto mmoja kunahitaji maji kiasi gani? Mmoja akasema nusu ndoo. Mwingine akasema robo ndoo ikiwa mtoto hapigi kelele. Hakuna aliyetaja chini ya lita tatu. Nikatoa kwenye mkoba chupa yangu ya kunywa, lita moja kamili, nikaitoboa tundu dogo kwenye kifuniko kwa sindano, nikawaomba watoto wapange mstari. Nilinawa mikono kwanza, kisha nikamimina kiganjani maji ya kutosha kujaza kijiko, nikapitisha kwenye jicho la kulia, la kushoto, pua, nikasuuza vidole, nikamwacha mtoto akauke kwa upepo. Kitambaa sikutumia, na wala asiniambie mtu kwamba ni lazima kuwa na taulo. Akina mama walianza kuhesabu kwa sauti. Walipofika kumi wakaanza kucheka. Chupa iliisha kwa mtoto wa kumi na tisa, na mama mmoja mtu mzima akasimama akaniambia, "Muuguzi, wewe umemwaga. Mimi ningewafikisha ishirini na tano." Nikampa chupa nyingine. Akawafikisha ishirini na sita, maana alimwosha na mzee aliyekuwa amesinzia pembeni.

Mnacheka, lakini sikilizeni kilichofuata, kwa maana ndipo penye somo langu. Nilirudi baada ya wiki tatu nikitarajia kijiji cha nyuso zinazong'aa. Nikakuta nyuso safi katika nyumba chache tu. Nikamfuata mama mmoja kijana ambaye siku ile alihesabu kwa sauti kuliko wote. Akanivuta kando akanieleza kwamba alianza kuosha watoto, na mama mkwe wake akauliza mbele ya watu kama huyu mkamwana ameolewa kuja kulima au kuja kuremba watoto. Mumewe naye akasema maji ni ya ng'ombe. Maji ya kijiko, ndugu zangu, yalikuwepo. Ruhusa ndiyo haikuwepo. Tangu siku hiyo sikuitisha tena mkutano wa akina mama peke yao. Nilianza na wazee wenye mifugo, kisha akina mama wakwe, na wenye watoto wadogo nikawafanya wa mwisho, kwa sababu wao walikuwa hawana la kujifunza.

Najua kuna mmoja hapa anayesema moyoni kwamba nawabebesha maskini mzigo ambao ni wa serikali. Hapana. Bomba lichimbwe, tena karibu, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Ila bomba likija kesho asubuhi na ruhusa haijaja, maji yatakwenda kwa ng'ombe na kwenye bustani ya mwenye nyumba, na uso wa mtoto utabaki na michirizi yake.

Mwingine anasema: lakini si kuna dawa? Ipo, na ni nzuri. Azithromaisini humezwa mara moja, mtoto hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama ili kujua kiasi chake, na wachanga wasiofikisha miezi sita hupakwa mafuta ya tetrasaiklini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wake wameitoa bure kwa kingatiba ya trakoma, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuipokea. Kule Kahe Mpya, Rombo, mwaka 2000, watu karibu wote walimeza mara moja, waliobakia na dalili wakapakwa mafuta, na miaka miwili baadaye vimelea vilikuwa karibu vimetoweka. Habari hiyo ilitufurahisha mno, na baadhi yetu wakaanza kufunga vitabu. Lakini Kahe Mpya walioambukizwa kabla ya dawa hawakufika mtu mmoja kati ya kumi. Katika kijiji cha Maindi, Kongwa, walikuwa zaidi ya nusu. Huko dawa ilishusha maambukizi kwa kishindo, kisha yakaanza kupanda tena, kwa sababu ncha ya kanga ilikuwa palepale. Na Kongwa hiyohiyo, miaka ya nyuma, utafiti ulilinganisha vijiji vilivyopewa mafuta peke yake na vilivyopewa mafuta pamoja na uhamasishaji wa kunawisha nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: pale palipohimizwa nyuso safi, trakoma kali kwa watoto ilikuwa pungufu.

Pamoja na hayo, niliwahi kushiriki ugawaji mahali ambapo sitapataja, nikapewa fomu yenye safu ya vidonge vilivyotolewa, vilivyobaki, vilivyoharibika, na urefu wa kila mtoto. Nikauliza safu ya nyuso safi iko wapi. Msimamizi akanijibu kwa upole kwamba nyuso hazina stoo.

Wale wanaodhani bila kidonge hakuna njia, waende London. Askari waliorudi kutoka vita vya Misri mwanzoni mwa karne ya 19 waliutapakaza ugonjwa huu huko, hata hospitali ya macho ya Moorfields ikaanzishwa mwaka 1805 kwa sababu hiyo. Na mwanzoni mwa karne ya 20, wahamiaji waliofika New York walikuwa wakigeuzwa kope bandarini, na aliyekutwa na trakoma akaweza kurudishwa kwao kwa meli. Ugonjwa huo ulikwisha kufifia katika sehemu kubwa ya Ulaya kabla ya azithromaisini kuvumbuliwa, maisha ya nyumbani yalipobadilika, watu wakapata maji, nafasi ya kulala na vyoo. Karibu nasi, Malawi ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Wamalawi hawana macho tofauti na ya Wagogo.

Utambuzi nitaupitia mbio, kwa kuwa mtaufanya kwa mikono. Mnahitaji lenzi ya kukuza mara mbili na nusu, mwanga wa jua na mikono iliyonawiwa baada ya kila mtoto, la sivyo mtakuwa nzi wenye vyeti. Mwambie mtoto atazame chini, shika nywele za kope la juu taratibu, ligeuze. Ukiona vivimbe vyeupe vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, katikati ya ngozi hiyo, mtoto ana trakoma hai. Ukiona mistari myeupe, hilo ni kovu. Ukiona unywele hata mmoja unagusa jicho, andika rufaa siku hiyohiyo. Kosa la wanafunzi wote ni kubonyeza jicho badala ya kuvuta kope, na mtoto aliyebonyezwa atakimbia hadi kwao na kuwaambia wenzake. Kumbukeni pia kwamba vivimbe hubaki kwa miezi baada ya kimelea kuondoka, kwa hiyo msishangae maabara ikiwapinga. Kimelea chenyewe hakikuoteshwa maabara hadi miaka ya 1950, Beijing, na mwanasayansi wa China Tang Feifan, ambaye baadaye alijipandikiza jichoni mwake ili kuthibitisha. Sitawadai hilo kwenye mtihani.

Kuhusu nzi, nilikusudia kusema mengi. Niseme tu kwamba nzi anayependa macho hutaga hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, wala si ndani ya shimo la choo. Kwa hiyo yule mzee atakayewaambia kwamba choo kimemletea nzi anasema kweli juu ya nzi wengine, ila si juu ya huyu. Choo cha kawaida, hata cha miti na udongo, kinamnyima huyu mahali pa kutagia. Vipimo vya kibuyu chirizi, kile chombo cha kunawia kwa maji kidogo, mtavipata kwenye karatasi mlizogawiwa.

Mwenyekiti amesimama, nami namaliza. Upasuaji wa kope sitaueleza. Utafundishwa wiki ijayo na mtu anayeufanya vizuri kuliko mimi. Yule bibi wa kibano alikubali kufanyiwa, baada ya kukataa mara tatu kwa sababu hakukuwa na wa kumchungia mbuzi. Kope liligeuzwa likashonwa kwa ganzi ya pale pale, akalala na bandeji usiku mmoja. Asubuhi nilipoifungua alipepesa, akanyamaza, akapepesa tena, kisha akaanza kupapasa pindo la kanga akiuliza kibano chake kimepelekwa wapi. Nikamwambia hatakihitaji tena. Akaniambia anajua, anakitafutia dada yake.