Viwanja Vimo Ndani ya Mui

Assalaam alaykum mashekhe, kina mama, na vijana wangu wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mui wetu, mji wa Lamu. Nimeombwa nizungumzie nyumba za bei nafuu. Walionisikia kabla ya leo wanajua naanzia wapi, na naanzia hapo hapo: magofu.

Nyuma ya nyumba niliyozaliwa pana gofu. Kila mmoja hapa ana la mtaani kwake, kwa hiyo sielezi gofu ni nini. Nataka tuingie ndani. Kuta tatu zimesimama, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimo, na lipu yake ya chokaa ukiipapasa ni laini kama ganda la yai. Ukuta wa nne umelala. Boriti moja ilioza, paa likatoboka, mvua ikapata njia, na ukuta wa matumbawe ukiingia maji kutoka juu, udongo uliomo kati ya mawe hutoka kidogo kidogo. Tia kidole kwenye ufa, unamwagika kama unga wa muhogo. Mimi ni mwashi, mwaka wa thelathini na ushei huu. Nyumba ile ilihitaji boriti moja na kazi ya siku mbili. Leo ina mpapai, paka, na taka za mtaa mzima.

Kwa nini haikutengenezwa? Msiniambie pesa. Nilifuatilia. Mwenyewe alifariki akaacha mjane na watoto watano. Mjane ana thumni yake, moja ya nane, inayobaki ni ya watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Hesabu ya dakika tano. Hawakugawa. Watatu kati yao wakafa, kila mmoja na mjane wake na watoto wake, nao hawakugawa. Nilipokaa na mzee wa ukoo kuandika majina tulifika thelathini na moja. Wengine wako Mombasa, wawili Maskati, mmoja hakuna mwenye simu yake. Fungu la bibi mmoja, tulipolipima chini, lilitoka sawa na mswala wa kuswalia, na bila saini yake hakuna linalokwenda. Nimezunguka na daftari lile miaka sita.

Na mjukuu wa nyumba hiyo hiyo amepanga chumba kimoja mtaa wa Wiyoni, yeye, mkewe na watoto watatu, choo wanashirikiana na wapangaji wengine. Kila alfajiri akienda baharini anapita mlangoni pa gofu lao. Linaniuma hili, na sitaacha kulisema.

Kuna atakayenijibu: fundi, mirathi ni sheria ya Mwenyezi Mungu, usiiguse. Siigusi. Sharia inataka deni lilipwe, wasia utekelezwe, kisha kila mrithi apewe haki yake. Wapi imesema mali ikae mpaka iote mpapai? Mahakama ya Kadhi iko hapa hapa, kwa miguu unafika.

Mwingine atasema UNESCO inatubana. Tangu mui huu uingie katika urithi wa dunia mwaka 2001, kila tusilotaka kulifanya tunaisingizia UNESCO. Mimi nimepeleka michoro ya kusimamisha nyumba ya mawe palipokuwa na nyumba ya mawe, kimo kile kile, na sikurudishwa.

Basi tuhamie upande wa Shela, si kuna nafasi? Nafasi ile ni matuta ya mchanga, na maji tunayokunywa yamo chini yake. Tukichimba vyoo pale, watoto wetu watakunywa nini?

Wazee wetu hawakuhama. Binti akiolewa, baba alimpandishia ghorofa juu ya dari lake. Juu pakikosa nafasi, akavusha wikio juu ya njia hadi ukuta wa pili, chumba kizima kimekaa hewani na punda wanapita chini na mizigo yao. Walipata nyumba bila kuongeza hata pima moja ya ardhi. Sisi tuna ardhi ndani ya mui, imezungukwa na kuta, tunatupia taka.

Ninachotaka ni kwamba warithi wabaki na ardhi yao, na mmoja wao aliye tayari ajenge kwa mkataba wa miaka, awalipe wenzake kodi, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Mtasema nyumba bila ardhi, yaani nyumba yako juu ya ardhi ya mwingine, imezaa kesi Mombasa na Malindi. Kweli imezaa, kwa sababu wengi walikaa kwa neno la mdomo, na mwenye ardhi alipoamka vibaya wakaondolewa. Sisi tuandike. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2020 inaruhusu ghorofa kuwa na hati yake, kwa hiyo ndugu wawili hawana haja ya kugombea ngazi moja.

Ushuru wa nyumba za bei nafuu, ule wa serikali, nitaupitia mbio. Sheria ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kama hiyo. Naomba viongozi wetu waidai sehemu yake ije kwenye mapaa ya hapa, isiishie kwenye ghorofa mpya za mbali.

Bei ya boriti, na nyumba zilizonunuliwa na wageni zikafungwa mwaka mzima, sikuzifikia. Alasiri imekaribia.

Daftari liko pale mlangoni, kwa yule kijana wa kofia nyeupe. Andika mtaa wa gofu lenu, jina la aliyefariki, na warithi unaowajua. Usiyemjua simu yake mwandike pia. Jumamosi baada ya Isha tunaanza na lile la nyuma ya kwetu.