Pacquiao: Bondia Aliyeingia Bungeni na Glavu Mkononi

Asanteni sana. Waliosimama mlangoni wasogee huku mbele, mikeka ipo, tubanane.

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemfundisha, ana miaka 17, alinifuata baada ya mazoezi huku anafungua bendeji mikononi. Akaniuliza, "Kocha, nikichukua mkanda wa dunia, naweza kugombea ubunge?" Hakuwa anatania. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia swali lake ni zito, nitalijibu mbele ya watu. Leo yupo hapa pamoja na mama yake. Karibu sana, mama.

Jibu langu nimelitafuta katika maisha ya mtu mmoja: Emmanuel Pacquiao wa Ufilipino, yule tunayemwita Manny. Mapambano yake wengi mmeyaona, wengine mliamka alfajiri kuyatazama. Leo nataka tutazame kura zake, kwa sababu kura zake zina habari ambayo mikanda yake haina.

Alizaliwa 17 Desemba 1978 huko Kibawe, katika kisiwa cha Mindanao, kusini mwa nchi, akakulia General Santos, mji unaojulikana kwa jodari. Wazazi waliachana, na mama yake Dionisia akabaki na watoto na shida. Akiwa na miaka kama 14 akapanda meli kwenda Manila bila kuaga nyumbani. Alilala mitaani, akafanya vibarua. Januari 1995, akiwa na miaka 16, akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa. Alikuwa mwepesi mno hata kwa daraja la watu wepesi, na mwenyewe amesimulia jinsi alivyoficha vyuma mfukoni ili mizani imkubali. Mabondia mliopo hapa mnatikisa vichwa, kwa sababu wengi wetu tumehangaika kinyume chake: tumekimbia juani na makoti ya nailoni ili tupungue. Yeye alikuwa hana hata cha kupunguza.

Desemba 1998 alikwenda Thailand, akamwangusha Chatchai Sasakul raundi ya 8, akawa bingwa wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, uzito wa flai, ambao kikomo chake hakifiki kilo 51. Mwaka 2001 alikuwa Marekani akitafuta riziki, hana jina kule. Zikiwa zimebaki wiki mbili tu akaitwa kuziba nafasi ya bondia aliyejitoa, apambane na Lehlohonolo Ledwaba wa Afrika Kusini, bingwa wa IBF, shirika jingine la mikanda ya dunia. Akakubali. Pambano likasimamishwa raundi ya 6, mkanda ukawa wake. Kocha aliyekuwa kwenye kona yake usiku ule, Freddie Roach, walikuwa wamefahamiana muda mfupi tu, wakaja kufanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Sasa tufike mwaka 2007, maana hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

Mwaka ule Pacquiao aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi, jimbo la kwanza la Cotabato Kusini. Jimbo hilo ndilo lenye General Santos, mji wake mwenyewe, ambako kila ukuta ulikuwa na picha yake. Mpinzani wake alikuwa mwanamama aliyekuwa anakishikilia kiti hicho, Darlene Antonino-Custodio. Mama yule alimshinda bondia mashuhuri kuliko wote nchini, tena kwa mbali. Wapo waliompenda Pacquiao waliosema wazi kwamba hawakumpigia kura kwa sababu walitaka abaki ulingoni.

Hilo jambo nimelifikiria sana. Watu wale hawakumchukia. Waliweza kumshangilia usiku kucha, asubuhi wakaenda kituoni wakaweka alama kwa mtu mwingine, na hawakuona mgongano wowote. Na angalieni kilichofuata aliporudi mazoezini. Desemba 2008, Oscar De La Hoya alikaa kwenye kiti chake baada ya raundi ya 8 na hakuinuka tena. Mei 2009, Ricky Hatton alilala chali raundi ya 2 kwa konde moja la kushoto. Novemba mwaka huohuo, Miguel Cotto alisimamishwa raundi ya 12. Kama kuna kipindi kizuri kuliko hicho katika ngumi za zama zetu, mimi sikukiona. Wapiga kura wa General Santos walimjua bondia wao.

Mwaka 2010 akajaribu tena, safari hii katika mkoa jirani wa Sarangani, kwao na mkewe Jinkee. Alikabili familia ya Chiongbian, iliyokuwa imeshika siasa za mkoa ule kwa miaka mingi, na akaibwaga kwa kura nyingi. Novemba mwaka huohuo, akiwa mbunge, alimpiga Antonio Margarito huko Texas, akawa ametwaa mataji katika madaraja 8 tofauti ya uzito. Hakuna bondia mwingine aliyefika hapo. Raundi ya 11 jicho la Margarito lilikuwa limevimba na kufunga kabisa. Pacquiao akamgeukia mwamuzi amsimamishe, mwamuzi akaacha pambano liendelee, na raundi ya 12 Pacquiao akapunguza makonde kwa makusudi. Nilipoona vile nikasema moyoni, huyu anafaa kukabidhiwa watu.

Bado naamini moyo wake ulifaa. Kilichokosekana ni mwili wake kuwa mahali panapotakiwa.

Chukueni mwaka 2014 peke yake. Aprili alipambana na Timothy Bradley huko Las Vegas. Novemba alipambana na Chris Algieri huko Macau. Kati ya hapo akawa kocha na mchezaji wa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Na mwaka huohuo, kwa kumbukumbu za Baraza lenyewe, alihudhuria vikao siku 4. Nimesema 4. Wananchi wa Sarangani walikuwa wamemchagua mwaka mmoja nyuma bila mpinzani; hakuna hata mtu aliyethubutu kuchukua fomu dhidi yake.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo panaponiuma kama mwalimu wa ngumi.

Sisi tunajua, na Pacquiao alijua kuliko sisi sote, kwamba pambano haliamuliwi usiku wa pambano. Linaamuliwa kambini. Wiki nane za kuamka saa kumi na moja alfajiri, kupanda vilima, kurudia pigo moja mara elfu, kula chakula kisicho na chumvi, na hakuna anayekupigia makofi. Watu hununua tiketi ya usiku mmoja, lakini wewe umeshalipa zamani. Sasa ubunge una nini kingine zaidi ya kambi? Kamati, kusoma muswada kifungu kwa kifungu, kumsikiliza mtaalamu wa bajeti anayezungumza polepole mchana wa joto, kurudi kesho yake. Usiku wa mataa haupo. Kama kuna mtu aliyeandaliwa na Mungu kwa kazi ya namna hiyo, ni bondia. Ana nidhamu ya kufanya kisichoonekana. Na bondia aliyekuwa na nidhamu hiyo kuliko wote akaipeleka yote ulingoni, bungeni akapeleka jina.

Mwingine aliyepita njia hii alifanya tofauti. Vitali Klitschko wa Ukraine, bingwa wa uzito wa juu, aligombea umeya wa Kyiv mara mbili, mwaka 2006 na 2008, akashindwa zote. Akaunda chama, akaingia bungeni mwaka 2012. Desemba 2013, wakati uwanja wa Maidan umejaa waandamanaji, aliachana na mkanda wa WBC. Mei 2014 akachaguliwa meya, na hakurudi ulingoni. Vita vilipoanza Februari 2022 alikuwa bado meya wa mji ule, anapokea simu za majengo yaliyopigwa makombora. Wapo wakazi wa Kyiv wanaomlaumu kwa mengi, na ni haki yao. Lakini wanamlaumu mtu aliyepo ofisini.

Turudi kwa Pacquiao. Mwaka 2016 aligombea useneta, akapata kura zaidi ya milioni 16, akashika nafasi ya 7 kati ya 12 waliochaguliwa. Septemba mwaka huohuo alisimama ukumbini na kutoa hoja ya kumwondoa Seneta Leila de Lima kwenye uenyekiti wa kamati ya sheria na haki. Mama huyo alikuwa akichunguza mauaji yaliyotokea katika vita vya Rais Duterte dhidi ya dawa za kulevya. Hoja ikapita. Miezi mitano baadaye de Lima alikamatwa, akakaa rumande zaidi ya miaka 6 hadi alipopata dhamana Novemba 2023. Nampenda Pacquiao, lakini hili siwezi kulipita kimya. Aliyemwomba mwamuzi amhurumie Margarito ndiye aliyesimama siku ile. Ulingoni alikuwa anamtazama aliyeumia usoni. Ndani ya Seneti, nadhani, alikuwa anamtazama kiongozi wake.

Mwaka 2021 aligeuka. Akamkosoa Duterte hadharani kwa habari ya ufisadi na ya bahari inayogombaniwa na China, na chama kikamwondoa kwenye uongozi wake. Agosti akapoteza pambano kwa Yordenis Ugas, Septemba akatangaza kustaafu ngumi, akagombea urais. Tarehe 9 Mei 2022 alipata kura kama milioni 3.7, nafasi ya tatu, nyuma sana ya Ferdinand Marcos Mdogo na Leni Robredo.

Kutoka milioni 16 hadi chini ya milioni 4 ndani ya miaka 6! Wengi wakasema ameporomoka. Mimi naona jambo jingine, na naomba mnisikilize vizuri. Katika uchaguzi wa maseneta wa Ufilipino, kila mpiga kura anaruhusiwa kuchagua majina hadi 12. Ukiwa na nafasi 12, ni rahisi kumwekea shujaa wako moja: hii ni ya Manny, ametuletea heshima. Kwenye urais una nafasi moja tu. Hapo huwezi kutoa zawadi. Unampa unayedhani ataendesha nchi, hata kama umekosea. Zile milioni 16 zilikuwa na shukrani nyingi ndani yake.

Kuna la mwisho kuhusu mfuko wake, na hili linatugusa sisi moja kwa moja. Pacquiao ni mtoaji. Amejenga nyumba kwa fedha zake na kuwapa maskini wa Sarangani. Watu wamepanga foleni nyumbani kwake, huyu anataka dawa, yule ada, mwingine nauli, naye hutoa, kwa sababu anakumbuka alivyolala barabarani. Hapa kwetu mbunge anaombwa sanda, anaombwa mchango wa harusi, anaombwa bati la zahanati, na asiyetoa anaitwa mchoyo. Lakini fedha ya Pacquiao ilitoka kwenye makonde. Ili aendelee kutoa ilibidi aendelee kupigana, na alipokuwa anapigana kiti chake bungeni kilikuwa kitupu. Mkono uliojenga zile nyumba ndio uliokosekana kwenye meza ya bajeti, ambako mtu anaweza kupigania nyumba nyingi kuliko zote alizojenga bila kutoa senti yake. Mama yake kijana, nimekuona unatikisa kichwa. Tutazungumza.

Mei 2025 aligombea useneta tena, hakuingia kwenye 12. Juni akapokelewa kwenye Jumba la Mashuhuri wa Ngumi huko Canastota, New York. Tarehe 19 Julai, akiwa na miaka 46, alipanda ulingoni Las Vegas dhidi ya Mario Barrios, bingwa wa WBC mwenye miaka 30. Niliamka kulitazama nikiwa na hofu ataumizwa. Miguu ilikuwa mizito kuliko zamani, lakini lile konde la kushoto lilikuwa bado linafika. Raundi zote 12. Majaji wawili wakatoa sare, wa tatu akampa Barrios, mkanda ukabaki kwa mwenyewe. Pale hapakuwa na aliyemuuliza amehudhuria siku ngapi, maana ilionekana mwilini kwamba kambi aliifanya yote.

Kijana wangu, uliniuliza kama unaweza. Katiba haikukatazi. Nami nakuuliza wewe, na unijibu Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tukianza kukimbia: siku utakayoingia mle ndani, glavu utamwachia nani?

Naona mikono imeinuka. Tuanze na mzee pale kwenye nguzo, kisha yule dada wa nyuma.