Rubondo: Wenyeji na Wahamiaji wa Kisiwa Kimoja

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za sokwe wa Rubondo, na nitazisema. Lakini yupo mnyama mwingine ambaye nataka mwondoke hapa mkimjua.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iko pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, mkoani Geita. Ndege ndogo huruka kutoka Mwanza. Wasafiri wa barabara hupitia Muganza, wilayani Chato, kisha wakapanda boti. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kabla ya hapo waliishi Wazinza, wakivua na kulima migomba, hadi serikali ilipowahamisha miaka ya 1960. Mgeni anayeambiwa kwamba hili ni pori lisilowahi kukaliwa na mtu anadanganywa.

Sasa sokwe. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alishiriki kuleta sokwe 17. Walikuwa wamekamatwa wadogo Afrika Magharibi, wakakulia vizimbani Ulaya. Walifunguliwa msituni pasipo kufundishwa lolote. Fikirini hilo: mnyama aliyezoea kuletewa chakula sasa atambue mwenyewe tunda lipi linalika, ajenge tandiko la kulalia juu ya mti. Waliweza, na mnaowasikia leo wakipiga kelele msituni ni uzao wao. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa mno.

Si wote waliobahatika. Faru weusi waliletwa miaka hiyohiyo na majangili wakawamaliza. Tembo na twiga, nao wa kuletwa, wapo mpaka leo.

Lakini mwenyeji wa Rubondo ni nzohe. Huyu ni swala wa majini: kwato zake ndefu hutanuka, akakanyaga tope na mafunjo bila kuzama. Akitishwa hujitosa majini na kubakiza pua tu. Kwingineko humwoni kirahisi, kwa kuwa hang'oki kwenye matete. Rubondo hakuna simba wala chui, na nzohe amejiachia: hutoka kinamasini akaingia hata msituni kula. Haya huyaoni popote ukizunguka kwa gari kutafuta wanyama wakubwa, na inanisikitisha watu wanapomaliza siku zao zote wakifuata sokwe, wakampita huyu ng'ambo ya njia.

Tena msidhani hifadhi inaishia ufukweni. Maji yanayokizunguka kisiwa ni sehemu yake, na humo sangara na sato huzaliana bila nyavu. Mvuvi wa Nkome anafaidika na mazalia hayo hata kama hajawahi kukanyaga Rubondo.

Mkienda, Juni hadi Agosti njia za msituni huwa kavu. Wapenzi wa ndege waende Desemba mpaka Februari, wakati wahamiaji wa mbali wamefika. Mwenye mafua asiwasogelee sokwe kabisa, maana maradhi yetu ya kifua huwaua. Na mwombeni mwongoza wageni awapeleke kwenye matete alfajiri, kwa miguu, kabla hamjauliza habari za sokwe.